Datsun Ilipopimwa na Tope Letu

Haya ni mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita nilikaa chini ya mwembe kwenye gereji moja hapa Cheyo, mjini Tabora, nikisubiri springi za gari zifungwe upya. Kando yangu walikuwapo vijana watatu wakibishana. Mmoja alishikilia kwamba gari la Kijapani ni la kubebea abiria na magunia. Ukitaka gari la mbio, alisema, lazima uende Ujerumani au Italia. Mwenzake alimjibu kwamba Wajapani nao wanayo, ila waliiga kwa Wazungu. Fundi, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amelala chini ya gari langu. Alitoa kichwa akauliza, "Wanangu, Datsun ya Shekhar Mehta mmepata kuisikia?"

Vijana wakatazamana. "Hapana, mzee," akajibu mmoja wao. Fundi akarudi chini ya gari, akaendelea na kazi yake.

Swali lile nimeondoka nalo, na leo nataka tulijibu pamoja. Gari aliloliuliza fundi lilitengenezwa Japan, lakini sifa yake kubwa ililipata kwenye barabara za Afrika Mashariki, na mikononi mwa watu walioishi huku. Mambo hayo yanajulikana sana Tokyo na California. Sisi ambao tope lilikuwa letu ndio tumeanza kuyasahau.

Tuanze na mbio zenyewe. Mwaka 1953 Uingereza ilimtawaza Malkia Elizabeth wa Pili. Wakati huo Kenya, Uganda na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Waingereza, na wapenda magari wa Nairobi waliamua kuadhimisha kutawazwa huko kwa mbio za kuzunguka nchi hizo tatu. Ziliitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 zikabadilishwa jina, zikaitwa East African Safari. Kwa miaka mingi zilikimbiwa wakati wa Pasaka, yaani wakati wa masika. Waliochagua majira hayo hawakukosea. Masika ndiyo hufichua tabia ya barabara ya udongo, na tabia ya gari pia.

Hazikuwa mbio za kuzunguka uwanja. Barabara haikufungwa kwa ajili ya mtu yeyote. Dereva wa mashindano alikutana na basi la abiria, lori la mizigo, ng'ombe wanaovuka na wanyama wa porini usiku. Njia ilikuwa ya kilomita elfu kadhaa, ikikimbiwa mchana na usiku kwa siku nyingi. Kila kituo kilipangiwa muda wake. Ukichelewa, dakika zako zinaandikwa kuwa adhabu, na mwenye adhabu chache kuliko wote ndiye mshindi. Katika miaka ya mwanzo magari yalikuwa yale yale yanayouzwa madukani, tena yaliwekwa katika makundi kufuatana na bei yake. Mwananchi aliyesimama kando ya barabara aliona gari ambalo jirani yake, akiwa na fedha, angeweza kulinunua.

Ugumu wake unaonekana katika hesabu. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, kila mara yaliondoka magari zaidi ya 80, na kila mara yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mara zote mbili waliotangulia walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Hata sisi Tanzania tulikuwa na sehemu yetu: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell, pia katika Peugeot 404. Ndiyo maana wazee wengi wa nchi hii hadi leo wakitaja Peugeot husimama kwanza, wakavuta pumzi.

Sasa waangalie Wajapani. Mwaka 1958 kampuni ya Nissan, iliyokuwa ikiyaita magari yake Datsun, ilipeleka magari mawili madogo kwenye mashindano ya kuizunguka Australia. Moja lilishinda katika kundi lake. Kiongozi wa msafara huo alikuwa Yutaka Katayama; jina hilo tuliweke akilini, tutarudi kwake. Mwaka 1963 Nissan wakaja huku kwetu. Huo ndio ule mwaka wa magari 7. Walirudi kwao mikono mitupu.

Ndugu msikilizaji, mtu akishindwa mbele ya watu huwa na njia mbili: kuilaumu barabara au kujifunza kwake. Wajapani walichagua kujifunza. Walirudi tena na tena, na mwaka 1966 Bluebird yao ikashinda katika kundi lake. Kwao jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba kiongozi wa timu, Kasahara, aliliandikia kitabu, na mwaka 1969 ikatoka filamu, mchezaji wake mkuu akiwa Yujiro Ishihara, nyota mkubwa wa sinema za Japan wakati ule. Fikiri jambo hilo: watu wa Tokyo walilipa kiingilio ili waone vumbi la Afrika Mashariki.

Nilimwuliza yule fundi wa Cheyo barabara ya udongo inafanya nini kwa gari. Alinijibu kwa kuhesabu vidole. Makorogesho hulegeza kila nati. Vumbi huingia kwenye kabureta. Jiwe hupasua sampu, mafuta ya injini yakamwagika bila dereva kujua. Tope huziba rejeta, injini ikachemka. Shokomzoba zikifa, springi hubeba mzigo wote peke yake, mwisho nazo hukatika. "Gari linakufa kwa kitu kidogo," alisema. Kwa Nissan, kila Pasaka ilikuwa nafasi ya kujua kitu kidogo gani kimewaua mwaka ule, wakakirekebishe kiwandani.

Matunda yalikuja mwaka 1970. Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya, pamoja na msomaji ramani wake Hans Schüller, walishinda mbio zote wakiwa na Datsun 1600 SSS. Nafasi ya pili ilikuwa ya Datsun nyingine kama hiyo, iliyoendeshwa na Joginder Singh, fundi na dereva aliyezaliwa Kericho. Ile haikuwa gari ya kifahari. Ilikuwa na milango minne, ya kumpeleka baba kazini na watoto shule. Lakini kila gurudumu lake lilisimama kwa springi yake, hata ya nyuma, kwa hiyo gurudumu moja likiingia shimoni halikulivuruga la pili.

Hapo ndipo inapoingia gari ya michezo. Mwezi Oktoba 1969 Nissan walionyesha gari ya watu wawili, yenye boneti ndefu na mgongo ulioteremka kama wa duma anayenyemelea. Nyumbani waliiita Fairlady Z. Jina la Fairlady lilitokana na mchezo wa kuigiza wa My Fair Lady, ambao mkuu wa kampuni aliuona Marekani akaupenda. Katayama, yule wa Australia, ndiye aliyekuwa akiongoza biashara ya kampuni hiyo huko Marekani. Yeye aliona kwamba Mmarekani hatanunua gari la mbio lenye jina la bibi mrembo. Akaagiza jina libanduliwe, ikabandikwa namba: 240Z. Maana yake ni injini ya lita 2.4, silinda sita. Injini hiyo ilikuwa ndugu wa ile ya 1600 iliyoshinda Safari, ila imeongezewa silinda mbili. Na kama ile ndugu yake, kila gurudumu lilikuwa na springi yake.

Magari ya michezo ya wakati ule yalikuwa mengi, na mazuri zaidi kwa macho yalitoka Ulaya. Lakini lipi kati ya hayo lingeweza kupita katika tope la masika? Nissan walitaka swali hilo lijibiwe hadharani. Mwaka 1971 waliileta 240Z kwenye Safari, ikiwa na bampa ya bomba nene mbele na taa kubwa za ziada. Herrmann na Schüller wakashinda tena. Wa pili akawa kijana wa Kampala, Shekhar Mehta, naye katika 240Z. Porsche, kampuni inayotajwa kwanza kila gari la michezo linapotajwa, walikuwapo mwaka huo na magari yao ya 911, wakashindwa. Walirudi miaka mingine. Mwaka 1974 Björn Waldegård alifika wa pili katika Porsche, nyuma ya Joginder Singh aliyekuwa na Mitsubishi Lancer. Ushindi wa kwanza wa Safari hawakuupata.

Nataka sasa tukae kidogo na huyu Mehta, maana hapa ndipo lilipo jambo lenyewe.

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Watu waliozaliwa pale, waliosoma pale na kuzika wazazi wao pale, wakafunga mizigo. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwao, na Shekhar akahamia Kenya. Miezi michache baadaye, Pasaka ya 1973, aliingia kwenye Safari akiwa na 240Z na msomaji ramani Lofty Drews. Safari ilipomalizika, hesabu za adhabu zilionyesha jambo lisilo la kawaida. Mehta na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine, walikuwa wamelingana dakika kwa dakika baada ya siku zote zile. Kanuni ya kutenganisha waliolingana ilimpa ushindi Mehta.

Mtu aliyeambiwa kwamba hana kwao alikuwa ameshinda mbio za Afrika Mashariki nzima. Sidhani kama kuna jibu lililo wazi kuliko hilo. Hakulitoa kwa hotuba. Alilitoa kwa usukani.

Mehta alishinda Safari mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo 1979, 1980, 1981 na 1982, safari hizo nne akiwa na Mike Doughty na gari aina ya Violet, jamaa wa zile Datsun za milango minne. Hakuna dereva mwingine aliyefikisha mara tano. Mara zote tano gari lake lilikuwa la Nissan, na Nissan yenyewe ina ushindi 7 kwa jumla. Toa ushindi wa Mehta katika hesabu hiyo, uone kinachobaki: viwili, na vyote ni vya Herrmann, mkazi wa Kenya. Kwa maneno mengine, kila ushindi wa Nissan katika Safari uliletwa na mtu aliyeishi Afrika Mashariki. Mehta alifariki London mwaka 2006.

Gari ya Z nayo iliendelea na safari yake duniani. Mwaka 1972 ilifika ya tatu katika mbio za Monte Carlo, dereva akiwa Rauno Aaltonen wa Finland, na msomaji ramani kijana wa Kifaransa aitwaye Jean Todt, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa shirikisho la magari la dunia. Huko Marekani, John Morton alichukua ubingwa wa taifa katika kundi lake mwaka 1970 na 1971 kwa 240Z. Vizazi vikafuatana: 260Z, 280Z, 280ZX, 300ZX. Mwaka 1994 mbio za saa 24 za Daytona zilishindwa na 300ZX. Baadaye zikaja 350Z na 370Z, na herufi ile ya Z haijafutika hadi leo. Gari lililoshinda Safari mwaka 1971 Nissan wamelihifadhi kwao Japan, na wageni hulitazama kama mtu anavyotazama silaha ya babu.

Nao Wajapani wengine walikuwa wameona njia. Toyota Celica, gari ya michezo ya kampuni ile nyingine, ilishinda Safari mara 8 kati ya mwaka 1984 na 1995. Mwaka 1994 dereva wake alikuwa Mkenya, Ian Duncan, na mwaka 1995 Mjapani mwenyewe, Yoshio Fujimoto. Kisha zikaja Lancer na Subaru. Safari ilipoondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 wengi walidhani imekwisha. Ilirudi mwaka 2021, na kuanzia mwaka huo hadi 2025 mshindi alikuwa Toyota kila mwaka.

Lakini kwetu Tanzania mbio hizo zilikwisha zamani. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Uganda ilikuwa chini ya Amin. Katikati ya miaka ya 1970 Safari ikabaki ndani ya Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Mtoto wa Tanzania aliyezaliwa baada ya hapo alikua akijua kwamba Safari ni mambo ya Wakenya. Hakuambiwa kwamba nchi yake ilikuwa theluthi moja ya uwanja.

Ndugu msikilizaji, sisi wa Tabora tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, maana tumewahi kufanyiwa, na pengine tumejifanyia wenyewe. Mji huu umekaa juu ya njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mwaka 1857 Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni, wakafika Kazeh, hapa hapa Unyanyembe, mwezi Novemba. Mwaka 1872 Stanley na Livingstone walikaa Kwihara, na lile tembe limehifadhiwa mpaka leo kwa jina la Livingstone. Sina ugomvi na hilo. Lakini ni nani aliyewafikisha?

Waliwafikisha wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mtu mmoja alibeba mzigo wa kilo thelathini na zaidi begani, shuka, shanga au pembe za ndovu, miezi kwa miezi. Mbele yao alitangulia kirangozi, aliyejua maji yako wapi na mto gani umefurika. Kwa lugha ya magari tungesema huyo ndiye msomaji ramani. Tofauti yake ni kwamba ramani aliibeba kichwani. Ukiwatoa Susi na Chuma na wengine wachache, watu hao hawana jina popote. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi yao ilikwisha, na kumbukumbu yao ikafuata kazi.

Yale yale yako njiani kutokea kwa Safari. Herrmann na Mehta majina yao yameandikwa, na wamestahili. Lakini nyuma ya kila gari lililofika mwisho kulikuwa na mafundi waliokesha kwenye tope wakiwa na jeki na kurunzi, wakibadilisha giaboksi kwa dakika walizohesabiwa. Kulikuwa na wanavijiji waliovua viatu wakasukuma gari la mgeni litoke kwenye mto. Kulikuwa na vijana waliojifunza ufundi kwa kuyachungulia magari hayo, kisha wakafungua gereji zao chini ya miembe, Moshi, Morogoro, Mwanza, na hapa Cheyo. Sifa ya gari la Kijapani katika nchi hii haikuletwa na tangazo la gazeti. Ililetwa na watu hao, waliolifungua, wakalifunga, wakalisukuma, wakamwambia jirani: hili linafaa. Milango ya biashara ilipofunguliwa na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japan, usukani ukiwa kulia kama wetu, soko lilikuwa limekwisha kuandaliwa.

Kwa hiyo wale vijana wa gereji wote walikosea. Aliyesema Mjapani hana gari la mbio alikosea. Aliyesema ameiga naye alikosea, maana shule ya Mjapani ilikuwa barabara yetu, na ada aliilipa kwa kushindwa mwaka 1963. Tope letu, ambalo tumezoea kulionea haya, ndilo liliaminiwa na kampuni kubwa za dunia kuwa mtihani wa haki.

Simwambii kijana yeyote akakimbize gari mitaani ili afanane na Mehta. Mehta alifika kwa sababu alijua lini asikimbie. Ninachoomba ni kidogo zaidi, na hakihitaji fedha. Mafundi na madereva waliokuwa vijana mwaka 1973 leo ni wazee. Wapo katika miji yetu, wanatufungia springi. Tuwaulize, tuandike, hata kama ni kwenye daftari la shule. Tusingoje mgeni aje na kalamu yake, halafu tulalamike kwamba ametusahau.

Springi zangu zilikwisha fungwa saa kumi na moja jioni. Nilipokuwa nikilipa nilimwuliza fundi yeye alimjuaje Mehta. Alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akafuta, akasema alikuwa mtoto wa shule, na baba yake alikuwa na redio. Jirani wote walikuja kusikiliza. Matokeo ya 1973 yaliposomwa, walidhani mtangazaji amekosea, mpaka aliposoma tena. Kisha nikaona wale vijana watatu wamesogea karibu. Mmoja akauliza, "Mzee, sasa walilinganaje?" Fundi akaketi kwenye tairi, akaanza kuwaeleza.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo.